Upande Wenye Machozi

Marubani wa ndege za vita, zile zinazopasua mawingu, waliiita helikopta ile Kobe, na kila ilipopita ikinguruma walicheka. Kobe hakuwa na maringo. Asubuhi ile ya mafuriko alikuwa amebeba daraja zima la chuma likining'inia chini ya tumbo lake. Adhuhuri karudi kuokota watu juu ya mapaa.

Fundi wa kamba alikuwa amelala kifudifudi mlangoni, mkanda kiunoni, akitazama chini. Walimwita Macho, maana rubani, ambaye kikosi kizima kilimwita Mjomba, hakuweza kuona kilicho chini ya tumbo la Kobe. Aliongozwa na maneno ya Macho masikioni, kama kipofu aliyeshikwa mkono. Ndiyo maana humo ndani palikuwa na mwiko mmoja: kulia ni upande tu. Mtu akilia, sema anatoa machozi. Kila mgeni Mjomba alimtegea kitendawili: upande gani wa mtu una machozi? Aliyeshindwa alifagia Kobe wiki nzima.

Juu ya paa la zahanati walibaki wawili: muuguzi, na kichanga cha jana alichokifunga kifuani kwa shuka. Mama wa kichanga alikwisha kupandishwa, naye alikaa nyuma ya Macho akiuliza swali moja tu, mwanangu anapumua? Macho akazidi kutazama chini. Tangu wafike, kile kifurushi hakikuwa kimetikisika.

Ukuta wa nyuma uliporomoka, paa likainama. Muuguzi akajivisha mkanda, na kamba ikaanza kupanda. Hatua chache upande wa kulia ulisimama mlingoti wa simu, mrefu kuliko Kobe alipokuwa.

Shuka likafunuka. Mdomo mdogo ukaachama, uso ukakunjamana. Furaha ikamtoa Macho akilini, akamgeukia mama.

"Ameanza kulia!"

Masikioni mwa Mjomba likafika neno la mwisho tu. Kobe akaegemea kulia. Kamba ikayumba, muuguzi akazunguka kama pia, na mapanga ya juu ya Kobe yakausogelea mlingoti. Macho alijua akipayuka ataharibu zaidi, kwani maneno mengi hupigana sikioni. Akachagua machache.

"Simama. Machozi, Mjomba. Machozi."

Kobe akasimama palepale, akitetemeka. Kati ya panga na chuma mtu angepita kwa ubavu.

"Kushoto hatua mbili. Moja. Hapo."

Akavuta kamba mpaka muuguzi akaingia na kichanga kikawekwa mapajani mwa mama yake, kikipiga kelele za kuishinda mashine. Nyuma yao paa likazama.

Mjomba akamgeuza Kobe kurudi. Kisha akauliza, pole pole, upande gani wa mtu una machozi.

Macho akajifuta uso kwa kiganja.

"Pande zote, Mjomba. Ufagio uko wapi?"