Mwalimu wa Alasiri

Asubuhi ya kwanza ya mkutano, Madame Clémence, aliyetoka Kisangani kuja kuuongoza, aliwaomba walimu wakae kwa shule zao. Ukumbi wa parokia ukajaa kelele za viti vya plastiki. Walimu wa shule moja walivutana upande wa dirisha, wengine wakaizingira meza ya mbele, na wale waliotoka Irumu wakakaa karibu na mlango, mabegi yao yangali miguuni. Bénédicte alibaki amesimama, ameshika kiti chake mkononi.

"Madame, weye uko wa shule gani?" Clémence akamuuliza.

Bénédicte akataja jina la shule yake.

"Ile haiko tena," sauti ya mwanamume ikasema kutoka nyuma. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemsaidia mgeni asipotee njia.

"Iko," Bénédicte akajibu. "Inasomea hapa mujini. Saa ya mangaribi."

Shule hiyo zamani ilikuwa kijijini, mbele ya Nizi, mpaka watu walipokimbia vita. Sasa ilikuwa imeazimwa vyumba katika shule moja ya Bunia. Wenye shule walisoma asubuhi. Walipotoka, watoto waliokimbia waliingia alasiri, saa ambazo watu wa Bunia huziita mangaribi, wakasoma hadi jioni. Bénédicte alifundisha darasa la tano. Mkutano ulikuwa wa kuwafunza walimu kuongoza mabadiliko katika madarasa yao wenyewe, na shule yake ilikuwa imepewa nafasi moja tu. Akaketi peke yake katikati ya ukumbi, na watu wakapitisha miguu yao pembeni yake kwa adabu.

Kijijini asingekaa peke yake. Kule alikuwa na Dorothée, mwalimu wa darasa la nne, na kati ya madarasa yao palikuwa na ukuta wa matete tu. Bénédicte alipokwama katikati ya somo la mafungu, yaani nusu na robo, Dorothée alisikia, na wakati wa mapumziko alimwambia, "Leo umewapoteza pale uliposema nusu. Wakate kwanza muhogo, ndiyo waelewe nusu ya muhogo." Wakacheka. Walikuwa wakigombana pia, siku nzima wakati mwingine, juu ya namna ya kufundisha mtoto kusoma. Watu walipokimbia, Dorothée alivuka ziwa hadi Uganda. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Kisha ikawa mara moja moja. Kisha namba yake ikawa haipatikani.

Tangu hapo hakuna mtu aliyemwambia Bénédicte neno lolote kuhusu kazi yake. Walimu wenzake wa alasiri waliingia wakikimbia na kutoka wakikimbia, maana giza lilikuwa likiwangoja njiani.

Baada ya chai Clémence aligawa karatasi kubwa na kalamu nene. "Chora darasa yako vile iko," alisema. "Kisha chora vile unataka ikuwe. Musiogope, hakuna mutu atawapa pointi."

Bénédicte alichora madawati yaliyopangwa safu kwa safu, watoto wamebanana, kila mmoja akitazama shingo ya aliye mbele yake. Hivyo ndivyo walivyokaa. Wengi walitoka vijiji tofauti na kulala katika kambi moja, lakini darasani hawakuzungumza wao kwa wao. Walimjibu yeye kwa pamoja, kwa wimbo, kisha wakanyamaza. Msichana mmoja, Ornella, hakujibu hata kwa wimbo.

Kwenye karatasi ya pili aligeuza madawati yakatazamana, watoto wakakaa makundi makundi. Akaitazama kwa muda. Darasa halikuwa lake, madawati hayakuwa yake. Hata ubao hakuwa nao wote: kila alasiri aliukuta upande wa kushoto umejaa somo la asubuhi, na chini yake maneno ya Kifaransa ya kukataza kufuta, *Ne pas effacer*, yamepigiwa mstari mara mbili. Herufi zilikuwa nzuri ajabu. Ile R ilinyoosha mguu wake mrefu kama mtu aliyekaa na kujipumzisha. Kwa mwaka mzima alikuwa amefundisha kwenye nusu ya ubao iliyobaki, kando ya maandishi ya mtu asiyemjua.

Karatasi zilipobandikwa ukutani, aliiona ile R.

Akaifuata. Chini ya karatasi alisimama mwanamume mrefu mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, akipaka gundi kwenye kona iliyokuwa ikibanduka.

"Samahani, Mwalimu," Bénédicte akasema. "Weye ndiye wa 'ne pas effacer'?"

Mwanamume akageuka, akamtazama, kisha akacheka kwa mshangao. "Aa! Ni weye wa mangaribi? Mimi ni Adolphe. Kila asubui nakuta upande yako safi kabisa. Niliwaza ni zamu, ule mulinzi wa usiku, anafutaka."

"Ni mimi."

"Lakini, Madame, ile mawe? Kila asubui mawe chini ya viti. Watoto yangu wanarushiana. Minatupa yote inje."

"Ni ya kuhesabia," Bénédicte akasema. "Kila siku watoto wanaiokota tena."

Adolphe akashika kichwa. "Mungu wangu. Na minatupa kila siku."

Wakacheka wote wawili. Wakasimama mbele ya michoro yao wakizungumza. Adolphe naye alitaka kugeuza madawati. Alisema watoto wake wanakariri vizuri na hawaelewi kitu. Bénédicte akamwambia habari ya Ornella. Alikuwa hajaongea hivyo kwa muda mrefu. Maneno yalimtoka moja juu ya jingine.

"Na kwenu ni wapi?" Adolphe akauliza, kama watu wanavyoulizana.

"Mbele ya Nizi," akasema, na kutaja kijiji.

Adolphe akatikisa kichwa polepole. "Shangazi yangu alikuwa na ngombe upande ile," alisema. Akatazama kalamu mkononi mwake. Bénédicte naye hakumwambia ni nani aliyebaki kule chini ya udongo kwa upande wake. Kila mmoja alijua mwenzake ni wa watu gani, na kwamba watu hao walikuwa wameuana. Mtu mmoja akamwita Adolphe kutoka dirishani, akaenda.

Siku ya mwisho Clémence aliomba kila mwalimu achague mwenzake: mtu atakayekuja darasani kwake, akae nyuma, amwambie ukweli. Bénédicte alitazama upande wa dirisha. Adolphe alikuwa ameshainua mkono pamoja na mwalimu mmoja wa shule yake. Hakugeuka. Watu wakapeana mikono wawili wawili, na hesabu ikambakiza yeye.

"Mimi nitakuwa mwenzako," Clémence akamwambia, akimshika bega. "Utanipigia simu."

"Ndiyo, Madame. Aksanti."

Lakini Clémence alikuwa anarudi Kisangani kesho yake, na darasa halionekani kwa simu. Bénédicte alikunja mchoro wake, akatembea mpaka nyumbani kwa miguu, pikipiki zikimpita kwa vumbi. Alipika, akala, akaosha sahani moja.

Likizo ya Pasaka ilipokwisha, alianza kugeuza madawati. Mkuu wake wa shule alimwambia, "Geuza, lakini mukitoka kila kitu kirudie nafasi yake." Siku ya kwanza ilikuwa fujo. Watoto walipotazamana uso kwa uso waliona haya, wakacheka, wakafunika midomo. Wawili wakapigana. Bénédicte akapaza sauti mpaka ikakauka, na jioni wakarudisha madawati safu kwa safu wakiwa wamechoka.

Aliendelea. Wiki ya tatu watoto walikuwa wanasoma pamoja habari ya mnyama aliyepotea na kukutwa juu ya mwamba, na Gaël, mvulana wa kundi la mwisho, akasema ni kondoo.

"Apana," sauti ndogo ikasema. "Ni mbuzi. Kondoo haipandake pale."

Ilikuwa ni Ornella. Gaël akatazama kitabu tena. "Kweli. Mbuzi."

Wakaendelea kusoma. Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mwalimu, ambaye aligeukia ubao na kuandika tarehe iliyokuwa imeshaandikwa.

Jioni hiyo alitoka shuleni akiwa na habari na hana wa kumpa. Njiani aliwapita wanawake wa soko wakifunga mizigo yao, akawasalimu, wakamwitikia. Akapiga namba ya Dorothée. Haipatikani. Akasimama kando ya barabara na simu sikioni, akaisikiliza ile sauti ya mashine mpaka mwisho, akapiga tena.

Adolphe alikuja mwezi wa tano. Alibisha hodi kwenye mlango wa darasa alimofundisha kila asubuhi, shati limefungwa mpaka shingoni.

"Direkta ya shule yetu anasema miguu ya viti inaanza kulegea," alisema. "Amenituma niangalie." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na nilikuwa natamani kuona."

Akakaa nyuma. Bénédicte alifundisha vizuri kuliko siku zote, au hivyo ndivyo alivyodhani. Watoto walipotoka, Adolphe alimsaidia kurudisha madawati. Aliyatikisa moja moja na kuangalia miguu yake.

"Niseme ukweli?" akauliza.

"Sema."

"Unaongea mingi, Madame. Unawauliza kitu, wanaanza kuangaliana, wanataka kusema, na weye unaingia. Unajibu. Unauliza ingine. Viti inaangaliana, lakini watoto wote wanaangalia weye."

Bénédicte alitaka kumwambia kuwa watoto wa Adolphe ni wa asubuhi, walioshiba na kulala kwao. Aliinama akasukuma dawati la mwisho mpaka likagota ukutani.

"Ninaogopa wakinyamaza," akasema hatimaye. "Nyumbani ni kimya. Hapa pia ikuwe kimya?"

Adolphe alipangusa mikono yake kwenye suruali. "Viti iko sawa," alisema. "Nitamwambia direkta." Mlangoni alisita. "Mimi siwezi kuja kila mara. Kwetu wataanza kuuliza maswali."

"Najua."

"Ulifanya kazi muzuri. Ile nimesema, nimesema sababu nimeona kazi."

Akaenda. Bénédicte alimtazama akivuka uwanja kwa hatua ndefu mpaka alipopotelea nyuma ya uzio. Alikuwa ameumia, na chini ya maumivu alikuwa na furaha iliyomliza: mtu alikuwa amelitazama darasa lake. Alijua pia kwamba hatarudi.

Kesho yake aliwauliza watoto swali moja tu: kwa nini watu wa kwenye hadithi walihama na kuacha mashamba yao? Kisha akafunga mikono nyuma na kufunga mdomo.

Wakamtazama. Wakangoja aseme, kama kawaida yake. Maneno yakamjaa mdomoni hata akaumwa taya kwa kuyazuia. Akatoka katikati ya darasa, akaenda kusimama mlangoni, mgongo wake kwenye fremu.

Kundi la mwisho likaanza. Gaël akasema kitu, mwingine akamkataa. Ornella akainama juu ya dawati, akaeleza kwa mikono yote miwili jinsi moshi unavyoonekana ukiwa upande wa pili wa kilima, na wenzake wakasogeza vichwa kumsikiliza. Kundi baada ya kundi, sauti zikapanda, zikaingiliana, zikajaa chumba chote. Bénédicte alisimama pale mlangoni akizisikiliza. Hakuna hata moja iliyokuwa ikielekezwa kwake, naye hakuingilia.