Kikohozi cha Kipruto

...na hapo Kipruto akakohoa, kikohozi kikavu kisicho na homa wala vumbi, na Chepkosgei, binti yao wa miaka tisa, akainuka kabla yule mwanamke wa kwenye runinga hajafungua kifungo cha pili, akaenda jikoni kuangalia birika ambalo hata halikuwa motoni, kwa sababu nyumba hii inajua kazi ya kikohozi hicho, baba na binti hawakai pamoja watu wakibusiana, ni aibu, baba akikohoa mtoto anajitafutia kazi, na Mongina akabaki kwenye kochi na sinia la mboga za managu mapajani, akichambua, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani chai, mgongo ukimsomea kilo zote alizochuma tangu asubuhi, Mungu wangu, hata Jumamosi mtu hapumziki... "Hizi ndizo zinaharibu watoto," mume wake akasema, remoti mkononi, "saa tisa mchana, kweli? Si wafunge hii stesheni," naye akaitikia mm, maana mm ni rahisi kuliko kubishana, na kwanza hata yeye alitia sahihi, Jumapili iliyopita, ile karatasi ya mwinjilisti Gibson ikizungushwa benchi hadi benchi, sisi wazazi wa Kiptere tunaomba uchi usionyeshwe mchana, akaandika MONGINA kwa herufi kubwa, uchi tu, panga hakuna aliyeliandika, wala hakuna aliyeuliza... "Chepkosgei, kuja, imeisha," Kipruto akaita, na mtoto akarudi, akakaa kwenye mkeka, filamu ikaendelea, moja ya zile zinazotafsiriwa na DJ, wanaume kumi na mapanga wakimfukuza mzee mmoja kwenye shamba la mpunga, na Mongina akamtazama mume wake kooni, akasubiri, sasa atakohoa, sasa... wapi, Kipruto amekunja nne, anakunywa chai yake kwa raha, "mzee amelala, mzee amelala kama gunia la viazi," DJ akasema, na Chepkosgei akacheka.

Mzee hakulala, Nyagaka hakulala, baba yake Mongina alienda chini kwa magoti kwanza, ile Januari ya baada ya kura, Mongina na miaka yake kumi na minne amejificha ndani ya majani chai nyuma ya laini za nyumba za wafanyakazi, matawi yakimchoma shingo, na vijana waliokuja na mapanga walimvua nguo zote kabla ya lingine lolote, mpaka leo haelewi, mtu ukitaka kumuua shati lake linakuzuia nini, halafu wakaenda zao, na watu wakaanza kupita barabarani na magodoro vichwani, wakimwona wanageuza uso, na Phelis, jirani yao, mama wa kanisa, akasimama akasema mfunikeni jamani, kuna watoto hapa, basi Mongina akatoka, akavua sweta yake ya shule, akamfunika kiunoni, akachomeka mikono ya sweta chini ya mapaja upepo usiipeperushe, na kichwa, kile kichwa, kikaachwa wazi, hakuna aliyesema kitu juu ya kichwa, watoto wakakiangalia wakipita... Kipruto, zima. Maneno mawili tu, yako hapa kwenye ulimi, na kinachomzuia ni nini, atauliza kwa nini, si mtu mbaya Kipruto, wakati ule alikuwa kwao Boito akichunga ng'ombe, anajua mkwe wake alikufa kwenye vurugu, zaidi ya hapo hajui kwa sababu hajaambiwa, miaka kumi na moja kitanda kimoja na hajauliza, wanaita hiyo heshima, na yeye miaka yote anamlaumu moyoni, mwanamume gani huyu, busu anakohoa, damu ananyamaza, amechoka, anachoka hadi kwenye meno, na managu yameisha kwenye sinia lakini vidole bado vinachuma.

"Mama, hiyo damu ni rangi, ama?" Chepkosgei akageuka. "Teacher Dorcus alisema ni rangi."

"Ni rangi."

"Hata mimi najua. Watu hawakufangi hivyo. Wanakufanga na malaria, kama babu Nyagaka."

Malaria... alisema yeye mwenyewe, mtoto akiwa wa miaka minne akiuliza ile picha ukutani ni ya nani, na malaria ikawa ndiyo iliyokuwa karibu mdomoni, ugonjwa wa heshima, haumvui mtu nguo, akaona amemkinga mtoto, akajipongeza hata, kumbe... si DJ aliyemfundisha kucheka, wala si baba yake na remoti yake, mtoto anacheka kwa sababu katika dunia aliyopewa hakuna mtu anayekatwa, na nani alimpa dunia hiyo, nani, we Mongina, ni wewe, ulimfunika baba yako mara ya pili, na safari hii ukamfunika mpaka kichwa.

"Ongeza sauti kidogo, baba," Chepkosgei akasema, na Kipruto akaongeza, na kwenye runinga mzee mwingine akaanza kukimbia.