Sanduku Bado Bichi

Mzee Khoát, baba mkwe wangu, moto wa tanuri umemla macho, lakini mdomo ungalipo.

"Wee Nhàn! Toa pete tuone!"

Mbele tanurini lilikaa sanduku la udongo alilomfinyangia marehemu mkewe. Mwezi huu, kama ilivyo desturi yetu, tunafukua mifupa yake, tuioshe, tuilaze humo. Mpiga ramli ameshataja siku, haisogezwi, na hakuna moto mwingine kabla yake. Nyuma ya sanduku ilisimama mitungi yangu iliyopinda viuno, nimeipaka chokaa na jivu la mabua ya mpunga wa shamba letu, moto uvigeuze rangi. Shamba lenyewe sasa ni kiwanda, na jivu sijabakiza hata ukufi. Kijani cha mche wa mpunga nimekitafuta tangu nilipoolewa. Mama mkwe alinicheka mpaka anaingia kaburini. "Mwanangu, huo ni mtungi au ugonjwa?"

Nikachomeka chuma kwenye tundu, nikavuta pete mbili za udongo za kujaribia moto, moja ya sanduku, moja ya mitungi. Ya sanduku ilikuwa imeparara, haijaiva. Yangu, mama wee! Kijani. Kile chenyewe.

"Vipi, tuzibe tanuri?" mzee aliuliza.

Tukiziba sasa moto ufe, kijani changu kitapona, ila sanduku litanyonya maji na mama atalala kwenye tope milele. Tukiongeza moto, rangi yangu itayeyuka imwagike. Na mzee haoni. Nani angejua?

"We binti, umemeza ulimi?"

"Bado, Baba."

"Bado nini?"

"Sanduku bado bichi. Tuongeze kuni."

Nilizitupa mwenyewe, nalia kwa hasira. Kwa kila gogo nilimchukia yule mama upya.

"Unalia?"

"Moshi, Baba."

"Haya."

Tanuri lilipopoa tukafungua. Sanduku lilikuwa kahawia, limekaza, ukiligonga linalia. Mitungi yangu ilikuwa imelala kifudifudi, rangi yote imeteremka ikawa tope jeusi. Mzee aliipapasa mmoja mmoja, polepole, vidole vikifuata rangi iliyoteremka.

"Hii ilikuwa imeshaiva ulipotoa pete, siyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ulijua siioni."

"Nilijua."

Akageuza uso ukutani.

Siku ya kufukua, kazi ya kuosha mifupa kwa maji ya manukato niliifanya mimi. Nilimpanga mama sandukuni, miguu kwanza, kichwa mwisho. Nilipolishika fuvu nikaliinamia sikioni.

"Haya, Mama. Umenishinda tena. Lala pakavu."