Nyuzi Kumi na Nane

Kwa miaka kumi na miwili mama yangu alimwita mume wangu "huyo." Huyo amekula? Huyo amerudi? Tangu ahamie kwetu na kunogewa na mchezo wa mbio za magari kwenye kompyuta, anamwita Bingwa, kwa sababu kila Jumapili huyo anamshinda. Mume wangu ni fundi cherehani, mtu mpole, lakini jina hilo lilimpandisha mabega.

Mimi ni fundi wa friji, na sipendi namba, hata za ushindi, zinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Jumapili moja nilikaa nyuma yao kwenye chumba cha kushonea. Mama alianza, maana mkubwa ndiye huanza, na gari lake likaenda mbio. Zamu ya mume wangu ilipofika, gari likatambaa, hata saa ya mchezo ikasuasua, naye akakata kona kwa raha zake.

"Kompyuta imechemka," nikasema. "Ndiyo maana inajivuta."

"Imechemka wapi, mke wangu? Soma hapo."

Pembeni mwa skrini paliandikwa: joto la prosesa, nyuzi 18.

Chumba chenyewe kilikuwa na nyuzi thelathini na moja. Sote tulikuwa tunatokwa jasho.

"Feni yake inapuliza hewa ya humu humu," nikamwambia. "Haiwezi kufanya kitu kikawa baridi kuliko chumba. Ingeweza, mimi ningekosa kazi. Hicho kipimo kimekufa."

"Wivu tu huo," akasema, na mama akamuunga mkono.

Nikazima kompyuta, nikaifungua, nikabandika kipimajoto changu cha kazini: sabini na tisa, na hapo imeshazimwa. Feni ilikuwa imejaa mabaki ya ushonaji, mekundu, meupe, ya zambarau. Nyuzi zilikuwepo kweli, ila si zile alizokuwa akizisoma.

Nikasafisha, nikaweka programu nyingine ya kupimia joto, nikawaeleza kwamba prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi isiungue, na mchezo nao hupungua. Mama hajawahi kunisikiliza hivyo tangu anizae.

Mbio za marudio zilikuwa aibu. Bingwa aligonga ukuta kona ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Akanywea. Nilikuwa nimesema kweli, na roho iliniuma kweli. Wiki nzima alishona akisubiri kuitwa "huyo" tena.

Jumapili iliyofuata mama akaanza, akamaliza, akampisha mkwewe. Gari likatambaa. Nikatazama ile namba mpya: tisini na sita. Nikainama nyuma ya mashine, nikakuta sweta la mama limekunjwa vizuri na kubanwa kwenye matundu ya hewa.

"Mama, itaungua hii," nikamnong'oneza.

"Si umesema hujipunguzia kasi isiungue? Mwache amalize mzunguko." Kisha akapaza sauti: "Tulia kwenye kona, Bingwa wangu."