Kitabu cha Getini

Titus Wanyonyi alikuwa amemwambia bosi wake, Madam Quinter, kwamba tumbo linamsokota. Tumbo lenyewe halikuwa na shida yoyote. Lilikuwa limesimama nyuma ya tai ya kuazima, kwenye geti la shirika jingine la kuhudumia wakulima hapo Kakamega, likitafuta kazi ya mkuu wa usalama wa data. Madam akijua, atamfuta kazi siku hiyohiyo. Aliyemtangulia Titus alifutwa kwa kosa hilohilo, vitu vyake vikamfuata nje kwa mfuko wa mbolea.

"Jina, kitambulisho, simu, unatoka wapi, unaona nani, na sababu," alisema Shikanga, soja wa geti, akimsogezea kitabu.

Miaka sita Titus alikuwa akiwafundisha watu wasimpe yeyote habari zao. Akaandika zote. Kwenye sababu alijaribu kuchora kistari, Shikanga akagonga karatasi kwa rungu.

"Hiyo haiachwangi wazi, ndugu. Wenzako wanaandikanga."

Akaandika "intavyu". Sisi ni watu wa ajabu. Benki ikitupigia simu hatutaji hata mwaka wa kuzaliwa, lakini mbele ya rungu na kalamu iliyofungwa kamba tunaungama kila kitu.

Shikanga alipokuwa akipekua begi lake, Titus alifunua kurasa za nyuma. Kila mtu hufunua. Akakuta jina la Madam Quinter, Jumanne: anaona mkurugenzi, sababu binafsi, kuingia saa saba, kutoka saa kumi. Ijumaa, vilevile. Wiki ya juzi, mara mbili. Mkurugenzi huyo, Bwana Osundwa, ana mke kijijini Lugari anayemlimia mahindi, na mume wa Madam ni mzee wa kanisa. Mtu hakuhitaji digrii ya kompyuta kuelewa hapo.

Ndani, jengo lilijifanya ngome. Mlango ulifunguka kwa alama ya kidole, na ukutani palibandikwa onyo kwamba nywila ni siri. Mezani alikaa Osundwa, pamoja na Maurine, afisa wa wafanyakazi. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu.

"Tunangoja mwenzetu wa kutoka nje," alisema Maurine, "lakini tuanze."

Titus alijibu vizuri, hata yeye akajisikia raha. Kisha akatazama dirishani. Madam Quinter alikuwa ameinama getini juu ya kitabu. Alikuwa amekwisha kuandika, ila hakuinuka. Alikuwa anasoma.

Aliingia, akaketi kwenye kile kiti cha tatu, akamtazama.

"Bwana Titus. Tumbo limepoa?"

"Limepoa, Madam."

Maurine, ambaye hakujua lolote, aliandika kwenye fomu kwamba afya yake ni njema.

"Huyu ni mfanyakazi wangu," Madam aliwaambia wenzake. "Nina jambo la kusema kuhusu uaminifu wake. Malizeni kwanza."

Titus akajua amekwisha. Atakosa kazi hii, na ile nyingine atafutwa kabla ya chakula cha mchana.

"Swali la mwisho," alisema Osundwa. "Tangu uingie kwetu, umeona udhaifu gani?"

"Kitabu cha getini, mzee. Milango yenu inataka kidole, lakini kitabu kiko wazi hata kwa muuza mayai. Kina namba za vitambulisho na za simu. Kinaonyesha nani amekuja kumwona nani, na mara ngapi."

Kalamu ya Madam ilisimama. Osundwa alicheka.

"Hicho si kitabu cha Shikanga tu? Wewe ulisoma nini cha maana humo? Tupe mfano."

Titus alimtazama Madam. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita aliona hofu usoni pake, na kusema kweli, ilimfurahisha. Mfano alikuwa nao ulimini, pamoja na siku na saa zake. Akiutoa tu, Madam hatakuwa na mdomo wa kumfuta mtu yeyote kazi. Lakini akiutoa, naye atakuwa kitabu cha pili cha getini, tena kinachotembea. Alichukia kwamba alilijua hilo.

"Nilisoma mengi, mzee," alisema. "Mfano sitoi. Kazi mliyotangaza ni ya mtu wa kutoyasema."

Osundwa aliacha kucheka. Alitazama geti, akamtazama Madam, kisha akainuka bila kuomba radhi, akatoka kuelekea getini kwa haraka ya mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Maurine aligeuza fomu. "Madam, ulisema una jambo kuhusu uaminifu wake."

Madam Quinter alikunywa maji yote yaliyokuwa kwenye glasi.

"Andika ni mwaminifu sana," alisema. "Na andika kwamba mimi ndiye niliyempa ruhusa ya kuja."