Vitenge vya Kumzungushia Tausi

Bertila alikubali kuacha kazi yake kwa sababu moja tu: binti yake Fortunata alikuwa amempenda Nestory, na baba yake Nestory hakutaka mkwe anayeingiza mkono nyuma ya ng'ombe.

Mzee Kija alilisema hilo waziwazi siku ya mahari, akiwa amekaa sebuleni kwa Bertila, mtaa wa Kizwite, na soda mkononi.

"Kazi yako naielewa, mimi mwenyewe mfugaji. Lakini kwetu mkwe ni mtu wa kustahiwa. Kesho niko mnadani, mtu ananiambia, Kija, tumemwona mkweo ameinama nyuma ya ng'ombe, mkono umezama mpaka begani! Uso wangu nitauweka wapi?"

Bertila alitaka kumwambia auache hapo hapo ulipo. Mumewe, Isdori, akamwahi.

"Ataacha, mkwe. Harusi ikipita tu, ataacha."

Wageni walipoondoka alimfuata Isdori uani. "Nani kakutuma unijibie?"

"Unataka mtoto aolewe, hutaki?"

Alitaka. Akarudi ndani kukusanya chupa za soda, na Isdori akashtuka kuliko ambavyo angeshtuka kama angefokewa.

Kazi yenyewe aliianza kwa ubishi. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, naye alipunguzwa, yeye na stashahada yake ya mifugo. Wenzake walikwenda kuuza mitumba, wengine wakahamia Laela kununua mahindi. Bertila alinunua mtungi wa naitrojeni uliokwisha kutumika, akaufunga nyuma ya baiskeli, akaanza kuzunguka akiwapandikizia ng'ombe wa watu mbegu za madume wa aina ya maziwa, kila moja imeganda ndani ya mrija mwembamba kuliko ule wa kunywea soda. Akifungua mtungi, moshi mweupe ulitoka na watoto wakakimbia. Walimwita Mama Dume. Hakukasirika, jina lilimletea wateja. Sasa mitaa ya Mazwi na Kizwite ndama wake walikuwa wengi, madoa meusi na meupe, wanene, na kila akipita aliwaita "wanangu" bila aibu.

Mnunuzi wa mtungi angefika kutoka Mbeya Jumatatu. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Misa ilikwenda vizuri. Fortunata alipendeza, Nestory alilia kuliko bibi harusi, na kwaya ikaimba mpaka padri akatazama saa. Watu wakamiminika nyumbani kwa Isdori kula. Sahani zikajaa, spika ikaanza kukoroma, ndipo mtu mmoja akauliza baba wa bwana harusi yuko wapi. Alikuwapo kanisani. Baada ya baraka hakuna aliyemwona tena.

Alitokea wali ukiwa nusu. Suti ile ile, tai imerushwa begani, kiatu kimoja kimejaa tope, na nyuma yake kwenye kamba ng'ombe mkubwa mweupe mwenye mabaka ya kijivu, analia kama honi ya lori.

Shangazi Klementina ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. "Nyongeza! Mkwe kaleta nyongeza ya mahari!"

Ua mzima ukalipuka. Wanawake wakamzunguka ng'ombe wakicheza, mmoja akamvika pembe moja shada la maua ya plastiki. Mzee Kija alisimama katikati, anapunga mkono kuwazuia, hakuna anayemjali. Ng'ombe akampanda mgongoni mzee mmoja aliyekuwa ameinama kuokota kijiko.

Bertila aliweka sahani yake chini. Hiyo siyo tabia ya ng'ombe wa mahari. Akasogea, akatazama nyuma ya mkia, akaona ute angavu unaovutika kama ute wa yai.

"Acheni vigelegele," alisema. "Huyu hakuja kumwoza mtu. Huyu kaja kwangu kazini."

Mtu akazima spika.

"Mkwe," alisema Mzee Kija kwa sauti ya kanisani, "huyu ni Tausi. Ndiye niliyehama naye kutoka Shinyanga. Zizi langu lote limetoka tumboni mwake. Sasa dume langu Trekta limeumia mguu, halipandi. Mara mbili Tausi ameingia joto, anataka dume, mara mbili joto limepita bure. Leo alfajiri kaanza tena. Na kwa umri huu, mkwe, sijui kama kuna mara nyingine."

"Mimi nimeacha kazi. Mume wangu alikuahidi mbele ya wazee."

Isdori alianza kuchunguza mfupa kwenye sahani yake.

"Alisema harusi ikipita," Mzee Kija alijibu haraka. "Imepita? Watu bado wanakula!"

Hata bibi harusi alicheka. Bertila hakucheka.

"Sikia, mkwe. Mkono ni huu huu uliokuaibisha. Ukifaa kwa Tausi, unafaa kwa ng'ombe wa wenzako. Tausi akishika mimba, mtungi hauuzwi. Sema watu wasikie."

Mzee Kija alimtazama ng'ombe wake. Alimtazama mkwe wake, kitenge cha dhahabu, kilemba kirefu kama mnara. "Akishika, hauuzwi. Lakini mnadani nitasemaje? Kwamba mkwe kainama mbele yangu, siku ya harusi, nikamwona?"

"Basi usione," alisema Shangazi Klementina, huku anafungua kitenge chake cha juu. "Kina mama! Leteni vitenge!"

Wakamleta Tausi kwenye mti wa parachichi uani, wakamfunga. Kina mama wakasimama duara, mabega kwa mabega, kila mmoja ameshika ncha mbili za kitenge juu ya kichwa chake. Ukawa ukuta wa michoro ya maua, samaki na feni. Nestory alisukumwa ndani ya nyumba kwa amri, asimwone mama mkwe. Mzee Kija aligeuka, akatazama bomba la maji la jirani kana kwamba hajawahi kuona bomba.

Ndani ya ukuta Bertila alivua kilemba, akavaa glovu ndefu na aproni ya jikoni. Mtungi ukaletwa, akaufungua, moshi ukapanda juu ya vitenge, watoto wakapiga mayowe. Akatoa mrija, akauyeyusha kwenye maji ya vuguvugu yaliyotoka kwenye chupa ya chai ya kwaya, akaukausha vizuri, akaupachika kwenye bomba lake jembamba la kupandikizia mbegu. Mkono wa kushoto ukaingia, taratibu. Tausi akatulia.

"Mkwe," Mzee Kija akaita, mgongo umegeuka, "umefika?"

"Nyamaza, mkwe. Natafuta njia."

"Na sasa?"

"Kija!" kina mama wakafoka kwa pamoja.

Alipotoka nje ya duara, kilemba kimerudi kichwani kimepinda, walimpigia vigelegele vikubwa kuliko vya bibi harusi. Fortunata hakuona wivu. Yeye ndiye aliyewasha spika.

Jumatatu mnunuzi aliambiwa asubiri. Wiki tatu zikapita na Tausi hakuingia joto tena. Miezi mitatu baadaye Bertila alimpima, ndani ya ukuta wa vitenge, akatoka akisema neno moja: "Kashika." Mnunuzi akaambiwa akatafute mtungi kwingine.

Ndama alizaliwa mvua za mwisho zikikatika. Jike. Jeusi na jeupe, miguu mirefu kama stuli. Bertila alipofika kwa Mzee Kija na baiskeli yake kumwona, alimkuta Fortunata mlangoni, tumbo limetangulia, anacheka. Zizini kulikuwa na wafugaji wanane na ng'ombe wao wanaolia, wote wametoka mnadani na Mzee Kija.

"Nimewaambia mwenyewe," alisema Mzee Kija. "Nikawaambia, fundi ni mkwe wangu. Ila kuna masharti."

Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa vitenge vinne vipya, vimeshonwa pamoja, na vijiti viwili vya kuvishikia. Akasimama nyuma ya ng'ombe wa kwanza, akanyanyua kijiti kimoja, jirani yake kingine, wote wamegeuza migongo.

"Tayari, mkwe," akasema. "Sisi hatuoni kitu."

Bertila akavaa glovu.