Jina la Marehemu kwenye Orodha ya Mishahara

Uvumi ulianzia kwenye chigayo, pale akina mama wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, wanaposagisha mahindi yao, na ndani ya juma moja ulikuwa umefika kila mlango. Eti mkimbizi yeyote ambaye jina lake litaingia kwenye kitabu cha kodi, posho yake itakatwa, na dosiye yake ya safari, ile faili ya kupelekwa nchi ya mbali, itafungwa. Hakuna aliyemjua mtu aliyefungiwa. Lakini kila mtu alimjua mtu aliyemjua.

Mama Solange aliusikia kwa jirani yake Kaneza, Mrundi muuza nyanya, na tangu siku hiyo ukamganda kama kupe. Akiosha vyombo, uko naye. Akiwa kanisani mikono juu, macho ameyafumba, uko naye. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mjane kutoka Fizi, Kongo, miaka saba anangoja safari, na ndiyo kwanza walikuwa wameitwa kwenye mahojiano ya kwanza. Mtoto alibaki naye mmoja tu, Maombi, msichana wa miaka ishirini na mbili, na Maombi huyo alikuwa Lilongwe anamshonea baba yake mdogo.

Baba mdogo huyo ni Mulenda, mdogo wa marehemu mume wa Mama Solange. Alimwoa Tiyanjane, Mmalawi wa Madisi, na kwa jina la mke wake akafungua ateliye ya kushona sare za shule karibu na soko la Area 25 mjini Lilongwe, mashine sita. Mwanzoni hakuna ndugu aliyeandikwa popote. Mtoto wa kaka yako akija kukusaidia, utamwandika wapi? Analala kwako, anakula nsima yako, mwisho wa mwezi unamkunjia kitu mkononi, anasema aksanti. Ndivyo walivyolelewa wote.

Kisha shule moja kubwa ikataka sare mia nne, na mkuu wake akasema hafanyi biashara na ateliye ambayo wafanyakazi wake hawajulikani. Mulenda akaamua kunyoosha mambo. Jumamosi moja akapanda minibasi mpaka Dzaleka.

"Shemeki, nimekuya kutafuta karatasi ya Maombi," alisema kabla hata ya kukaa. "Ile ya ukimbizi. Nataka nimuandikishe."

"Umuandikishe wapi?"

"Kwa liste ya mishahara. Na kwa kodi. Kila mwezi nakata kidogo kwa mshahara yake, napeleka kwa serikali, na ruhusa ya kazi tunaiomba. Anakuwa mufanyakazi kweli. Polisi akimuuliza, ana jibu."

Mama Solange aliweka sufuria chini. "Kodi? Mulenda, unataka kutuua?"

"Kuwaua na nini?"

"Haukusikia? Mwenye jina yake inaingia kwa kodi, posho inakatika, dosiye inafungwa! Miaka saba, Mulenda. Saba! Na sasa njo banatuita kwa mahojiano."

Mulenda alicheka. "Hiyo habari ilisagiwa pamoja na mahindi."

"Cheka tu. We una muke Mumalawi. Mulango moja ikifungwa, unapita kwa ingine."

Neno hilo lilimchoma. Kisha akasema taratibu kwamba tangu serikali iwarudishe wakimbizi kambini kutoka mijini, hakuna tena kujificha. Bila karatasi Maombi hawezi kubaki Area 25.

"Na ile mikono yake, shemeki, ni hasara irudi hapa kukaa bure. Anashona kunishinda mi mwenyewe."

Mama Solange alimtazama. Alitaka mtoto abaki na kazi, alitaka na dosiye ibaki wazi, na kwa kichwa chake cha siku zile aliona hawezi kupata vyote viwili. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na bahasha.

Ndani yake mlikuwa na karatasi ya ukimbizi ya Solange, mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kwa malaria ya kichwa akiwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa imepita miaka sita. Alitangaza kifo kwenye biro, ofisi ya kambi, jina likatolewa kwenye posho. Walipomwambia arudishe karatasi, alisema imepotea. Hakuwa na nia mbaya. Karatasi ile ilikuwa na picha, na picha nyingine ya Solange hakuwa nayo.

"Andika huyu," alisema. "Hii jina haina posho ya kukatwa. Na banafanana. Wa biro ataangalia sura, basi."

Mulenda hakuigusa. "Shemeki. Huyu tulimuzika."

"Najua kama tulimuzika. Mi njo nilimuzaa."

"Haitawezekana."

"Mulenda. Tangu kaka yako akufe, nimekuomba kitu gani?"

Mulenda aliangalia viatu vyake. "Hakuna."

"Basi leo naomba moja."

Tajiri wa nje, mwajiri asiye ndugu, angekataa. Angesema, mama, huo ni uongo, niletee karatasi halali au mtoto wako akae nyumbani, na mambo yangeishia hapo mlangoni. Lakini katika ukoo wao mjane wa kaka mkubwa hakataliwi. Anayemkataa ni kama amemkataa kaka mwenyewe kaburini. Mulenda aliitia bahasha mfukoni mwa shati, akaondoka. Chai aliyoandaliwa hakuinywa.

Maombi hakuulizwa na mtu. Aliijua habari siku ya kutia saini, akampigia mama yake simu kutoka nyuma ya ateliye.

"Mama, baba mudogo anasema nisaini jina ya mukubwa yangu Solange."

"Saini, mwanangu. Ni ya muda tu. Tukisafiri tutaiacha hapa hapa."

Mashine zilisikika zikilia nyuma yake.

"Naogopa, mama."

"Ogopa kidogo, halafu usaini."

Akasaini. Namba ya kodi ikatoka bila taabu, na orodha ya mishahara ikawa inatengenezwa kila mwezi: jina, kazi, mshahara, kilichokatwa, saini. Maombi, aliyekuwa anafanya kazi, hakuwemo. Solange, aliyelala chini ya udongo, alikuwemo kwenye mstari wa tatu. Barua ya kuomba ruhusa ya kazi ikapelekwa, wakangoja. Na kwa kuwa wakaguzi huweza kuingia saa yoyote, Mulenda alitoa amri kwamba ndani ya ateliye kila mtu amwite msichana yule Solange, wasije wakajisahau mbele ya wageni.

Mama Solange hakulifikiria hilo. Alilikuta mwezi wa tatu baada ya saini, alipokwenda Area 25 kuwapelekea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alishuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, akalipa, na kabla hajapiga hodi akasikia sauti ya kijana:

"Solange! We, Solange! Hii kola umeshonea nani? Imesimama kama shingo ya jogoo!"

Na sauti ya msichana ikajibu kutoka ndani, "Niko! Jogoo njo wewe, leta hapa nione!"

Watu wakacheka. Mama Solange alishika ukuta. Kwa muda mfupi, mfupi sana, alimtafuta kwa macho yule mwingine. Alimtafuta kweli, kama mtu anayengoja mtoto atoke shuleni. Aliyegeuka ni Maombi, utepe wa kupimia shingoni. Wakatazamana. Maombi ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

Kijana yule, Cadeau, mkata vitambaa aliyeajiriwa juzijuzi na asiyejua lolote, alimpokea mzigo kwa furaha. "Kumbe njo weye Mama Solange! Karibu, mama. Umetuzalia fundi. Huyu Solange wako anatushinda bote."

"Aksanti, baba," alisema.

Tiyanjane alimkaribisha ndani, akamwekea kiti. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na Kiswahili cha kuokoteza. "Amayi, mama," alimwambia kwa sauti ya chini, "hii jina, mimi sipendi. Duka iko jina yangu. Tubadilisha?"

Siku ile angeweza kusema ndiyo. Kulikuwa bado na nafasi, barua ya ruhusa haijajibiwa. Lakini mahojiano yalikuwa yamebaki majuma mawili, na kupe yule wa chigayo alikuwa bado ananyonya. "Zikomo, dada," alimshukuru kwa lugha yake. "Tungoje kidogo."

Wangeendelea kungoja, kama watu wa mjini wasingekuwa na kawaida ya kuuliza kambini. Waliopokea barua ya ruhusa walituma jina Dzaleka, wahakikishiwe kwamba mtu huyu ni mkimbizi kweli. Jibu likarudi mstari mmoja: mtu huyu alikufa miaka sita iliyopita, mama yake ndiye aliyetangaza.

Waliitwa wote wawili kwenye biro ya kambi, mama na binti. Mtumishi wa biro alikuwa kijana mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. Aliziweka karatasi mbili mezani kando kwa kando, ya kifo na ya mishahara.

"Mama, Solange yuko muzima ao amekufa?"

Alishalisema neno hilo mara moja katika biro ile ile, akidhani ameshamaliza kulisema.

"Alikufa," alijibu.

"Na huyu anayepokea mushahara?"

"Ni mudogo yake. Ni huyu, Maombi."

"Kama mungeandika Maombi, ilikuwa na ubaya gani?"

Akaeleza: kodi, posho, dosiye. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mama, hapa niko na watu wengi wenye namba ya kodi. Wanachukua posho yao kwa mulango ule. Ungekuya kuuliza. Ni mwendo wa dakika kumi."

Kisha akaandika. Dosiye yao ya safari iliwekwa kando pamoja na mahojiano yake mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi hauna tarehe. Maombi aliandikwa kuwa mtu aliyetumia jina la marehemu. Ruhusa ya kazi ikakataliwa, akatakiwa kukaa kambini.

Alipotoka pale Mama Solange alikwenda moja kwa moja kwa Kaneza.

"Uliniambia dosiye zinafungwa!"

Kaneza alikuwa anapanga nyanya nne nne. "Mi nilisema 'banasema'. Nilikuambia nimeona?"

"Na Épitace, mutoto wako, anayefanya kazi Area 18?"

Kaneza alifuta nyanya moja kwa kanga, akaifuta tena. "Yeye bosi wake alimuandikisha. Alikuwa muzungu, nilishindwa kumukataza." Akaipanga juu ya zingine. "Hakukatwa kitu. Nisamehe, jirani. Niliona haya kukuambia."

Mulenda alimrudisha Maombi Jumapili, na begi lake na mkasi wake. Ile shule ilikuwa imechukua sare kwa mtu mwingine, na mashine tatu kati ya sita zilikuwa zimefunikwa. Tiyanjane alikuwa anaitwaitwa ofisini kujieleza, kwa kuwa jina la duka ni lake. Mulenda hakupiga kelele.

"Sikulaumu, shemeki. Ilifaa nikatae. Mutu mwengine angekataa." Alikaa kidogo kwenye stuli, mikono katikati ya magoti. "Niliona haya kukukatalia. Sasa ona."

Siku hizi Maombi anashona viraka kando ya barabara ya soko, kwenye mashine ya kuazima. Ana adabu kama zamani, anamteka mama yake maji, anamsalimia asubuhi. Lakini mama akimwita kwa nyuma, "Maombi!", hachelewi kugeuka kwa ukaidi, anachelewa kama mtu anayekumbuka kwanza jina lake. Mama huona, na kila mara ni kisu.

Mara moja tu walizungumza.

"Utanisamehe lini?" mama aliuliza.

Maombi alikata uzi kwa meno. "Nilishakusamehe, mama. Lakini nilifanya kazi mwaka muzima, na nilikuwa fundi wa kwanza pale. Batu bote banajua. Nikienda kesho kuomba kazi, nitaonyesha nini? Hakuna karatasi hata moja inayosema ilikuwa mimi."

Mama aliinama, akaokota vipande vya uzi.

Akina mama wengine huja kumuuliza, hasa wenye watoto wanaofanya kazi kwa wajomba na baba wadogo. Huwaambia mambo ya kuepuka, nayo ni haya:

– Usimwandikishe mtoto wako kwa jina la mtu mwingine, awe hai, awe amekufa.

– Usikimbie kodi kwa sababu ya maneno ya chigayo. Nenda biro ukaulize, na ushike jina la aliyekujibu.

– Usimwache mtoto afanye kazi kwa ndugu bila kuandikwa, eti kwa kuwa ni ndugu.

– Usitie saini orodha ya mishahara kabla ya kuliona jina lako humo. Kama hujui kusoma, tafuta mtu akusomee, na asiwe tajiri wako.

– Usimwombe ndugu jambo ambalo tajiri wa nje angekukatalia. Na wewe ndugu, usione haya kukataa.

– Usibaki na karatasi ya marehemu. Kama unataka picha, ipige nakala, kisha uirudishe.

– Usimwamulie mtoto mkubwa habari ya jina lake bila kumuuliza.